Tarumbeta Iliyowalilia Wazima

Siku tarumbeta ya Ikambako ilipovuliwa blanketi, baada ya kulala kabatini zaidi ya miaka kumi, kitu cha kwanza kutoka ndani yake hakikuwa sauti. Walikuwa nyigu. Anyitike Mwambungu alivuta pumzi ya kijana, akapuliza kwa mapafu ya mtu mzima, na ukoo mzima wa nyigu ukatoka humo umekasirika, ukaenda moja kwa moja kwenye ndevu za Mzee Silvester, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Wanasema mzee yule aliuruka ua wa mabanzi bila kuugusa, na kwamba wakati wa kurudi alizungukia getini, kwa sababu mwenyewe hakuamini kwamba aliuruka.

"Haya," alisema akiwa ameshika shavu, "kumbe bado inatoa kitu."

Mambo yalikuwa hivi. Kila Pasaka, kabla jua halijachomoza, usharika wa Ikambako husimama makaburini na tarumbeta hupiga wimbo wa ufufuo. Wapigaji wa sauti za chini walikuwepo, wazee wawili na tromboni zao zenye viraka. Wa sauti ya kwanza hakuwepo. Tangu Anyitike aondoke, tarumbeta ile nzuri, yenye vibonyezo vitatu na mdomo mpana kama ua la boga, ilikuwa kazi yake kulala tu. Sasa bendi ya kanisa moja la Iringa mjini ilikuwa imeiomba, na wazee wa Ikambako walikuwa wameshakubali nusu. Mwalimu wa bendi hiyo, Crispin, angekuja siku ya Pasaka yenyewe. Akikuta mpigaji, arudi mikono mitupu. Asipokuta, aondoke nayo.

"Mpigaji yupo," Anyitike alikuwa amewaambia wazee. "Ni mimi."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitambebea huyo mwalimu kwa mikono yangu mpaka stendi."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa hajajaribu. Mtu ambaye hajajaribu huwa na maneno mengi.

Zamani alikuwa mpigaji kweli. Akipiga yeye, ng'ombe wa ng'ambo ya mto waliacha kucheua, na mchungaji wa kijiji cha pili alilalamika kwamba waumini wake wanatoroka ibada kufuata sauti. Halafu njia ya Zambia ikafunguka, madereva wakatafutwa kama dawa, na Anyitike akapanda lori. Alipeleka mapipa ya mafuta, akarudi na shaba. Alibeba shaba ya kutosha kutengenezea tarumbeta za malaika wote, lakini hakupuliza hata moja. Siku moja kwenye mteremko wa Kitonga breki zilimkana, lori likashuka peke yake huku yeye akiwa abiria tu, na lilipogonga ukingo usukani ukampasua mdomo wa juu. Akashonwa, akaendelea. Mwishowe bomba likaja likanywa mafuta yote, reli ikaja ikabeba shaba, na mwaka wa sabini na saba Anyitike akarudi kwa mama yake Ikambako akiwa na kovu, koti la ngozi na tabia ya kuwapungia watu mkono kama yuko barabarani.

Sasa alikuwa akipanda kila siku kwenye kilima nyuma ya kanisa, ndani ya ukungu wa masika, kujifunza upya kitu alichokijua. Hapo ndipo aliposhtuka. Alidhani atakuwa amesahau nyimbo. Nyimbo zote zilikuwepo kichwani, safi. Vidole navyo vilikumbuka, vikacheza juu ya vibonyezo kama vilikuwa vimeondoka jana. Midomo ndiyo iliyomkana. Aliiambia ipande, ikashuka. Aliiambia ilie, ikakoroma. Alikuwa kama mtu aliyerudi kwake, ufunguo ukaingia vizuri, mlango ukagoma.

Wanawake mtoni walimsikia na hawakumhurumia.

"Anyitike," walimwita akipita, "huyo ndama wako amezaliwa, au bado mnavuta miguu?"

"Bado," alijibu. "Mkisikia kimya mje na maji ya moto."

Alicheka nao, lakini kicheko hakikufika nyumbani. Mama yake, Bibi Lea, alimtazama akinywa uji kwa upande mmoja wa mdomo, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa umevimba.

"Gwe mwanangu," alisema, "kwani lazima?"

"Nimeshasema, mama."

"Ulisema pia utarudi baada ya mwaka mmoja."

Anyitike aliendelea na uji wake.

Sasa, kuna jambo moja la Ikambako ambalo mgeni hulishangaa. Kijiji kile hakizungushi mtu na habari za msiba. Akifa mtu, tarumbeta hupigwa kilimani, na kila kundi lina wimbo wake. Wanaume waliooa wana wao, wake za watu wana wao, vijana wao, wajane wao. Ukisikia wimbo unajua kundi, na kwa kuwa kijiji ni kidogo unajua hata mlango. Miaka ile tarumbeta ilipolala watu walitumia kengele ya kanisa, lakini kengele hailijui kundi wala mlango, na zaidi ya mara moja watu walilia kwenye nyumba ambayo wenyewe walikuwa wanakula. Kwa hiyo nyimbo zile hakuna aliyezisahau. Na wajane Ikambako walikuwa wamebaki wawili tu: Bibi Lea huku juu, na Bibi Rozalia kule ng'ambo ya kijito.

Alasiri moja, midomo ikiwa imechoka, Anyitike aliacha kuhangaika na wimbo wa Pasaka, ambao unaanzia juu kama mtu anayepanda ngazi kwa kukimbia. Aliilegeza midomo, akapuliza tu, bila nia. Ikatoka sauti. Haikuwa ya ndama wala ya mkoromo. Ilikuwa sauti yake mwenyewe ya zamani, nzito na safi, ikashuka kilimani ndani ya ukungu kama maziwa yanayomiminwa, na nyuma yake ikaja ya pili, na ya tatu, mpaka wimbo mzima ukapita na kwisha.

Alisimama ameduwaa. Nywele za mikono zilikuwa zimesimama. Akaupiga tena, upesi, kabla midomo haijabadili mawazo. Ukatoka vilevile. Akaupiga tena na tena, machozi yanamtoka kwa furaha. Hakujiuliza ni wimbo gani. Mwenye njaa haulizi sahani ni ya nani.

Aliposhuka alisikia vilio.

Mwanzoni alidhani ni upepo. Kisha akawaona wanaume wanakuja na mabenchi ya kanisa vichwani, na wanawake wamefunga khanga viunoni, wengine wamebeba kuni, wengine magimbi, wengine unga, wote wanaelekea nyumbani kwa mama yake. Mwanamke mmoja, yuleyule aliyemtania habari za ndama, alimrukia na kumkumbatia.

"Pole, baba. Pole sana. Tumekusikia."

Anyitike aliipita Kitonga bila breki, lakini hapo, kwenye njia ya migombani, hakuweza kuinua mguu. Mama yake. Alimwacha asubuhi anapeta maharage. Nyuma yake alisikia mtu akinong'ona kwa heshima: "Mnaona? Siku zote alikuwa anashindwa. Uchungu wa mama umemfungua midomo."

Alifika uani akipepesuka. Mzee Silvester, shavu bado limevimba, alimpokea kwa mikono miwili.

"Mzee," Anyitike aliuliza kwa sauti isiyo yake, "amefariki saa ngapi?"

Mzee Silvester alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, hilo si ungetuambia wewe?"

Anyitike hakuelewa, akachukulia ni maneno ya faraja. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Watu walikuwa wakimsubiri yeye, mwenye msiba, aingie kwanza. Akaingia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Alitazama jikoni, akatazama nyuma ya mlango, akatazama hata chini ya kitanda. Akatoka nje, macho yamemtoka.

"Mmempeleka wapi?"

Vilio vilikatika kama kamba. Watu walitazamana. Mwanamke mmoja aliyekuwa katikati ya kulia alibaki mdomo wazi, sauti haipo. Maiti kupotea, hilo Ikambako ilikuwa haijawahi kulisikia, na Ikambako imesikia mengi.

Ndipo kutoka chini kwenye kijito zikasikika sauti mbili za wanawake wanaogombana. Walipotokeza kwenye migomba, watu wa mbele walirudi nyuma hatua nzima. Alikuwa Bibi Lea, khanga kiunoni, na Bibi Rozalia, mkungu wa ndizi kichwani.

Yaliyotokea walisimulia wenyewe baadaye, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Bibi Lea alikuwa shambani anang'oa magimbi. Aliposikia wimbo wa wajane alisimama, akajipapasa, akaona yeye yuko sawa. Basi ni Rozalia. Akafunga khanga, akabeba mzigo wa kuni, akateremka huku analia, amsindikize mwenzake. Bibi Rozalia naye alikuwa anamenya ndizi. Alisikia, akajipapasa, akapata jibu lilelile. Walikutana juu ya gogo la kuvukia kijito, kila mmoja anamlilia mwenzake kwa sauti ya juu. Kuni zilianguka majini. Mkungu ulinusurika.

"Rozalia," Bibi Lea alisema pale pale juu ya gogo, "simama hapohapo. Unatoka wapi?"

"Nyumbani. Nakuja kukulilia."

"Unililie mimi? Mimi ndiye nakuja kukulilia wewe."

"Mimi sijafa."

"Hata mimi."

"Wewe umekufa. Anayepiga ni mwanao. Angenipigia mimi kwa wema gani niliomtendea?"

Wakapanda pamoja wakibishana ni nani kati yao marehemu, hadi uani. Bibi Lea alimkuta mwanawe amepiga magoti kwenye tope, tarumbeta kifuani, amekauka.

"Gwe Anyitike," alisema, "mimi nimekukosea nini?"

Anyitike alimshika mama yake kifundo cha mguu. Kilikuwa cha moto na kina udongo wa shamba. Hapo ndipo wimbo ulipomrudia masikioni, akaujua: ulikuwa wimbo wa wajane.

Kwa desturi ya kule, kilicholetwa msibani hakirudi kilikotoka. Kuni ziliwashwa, unga ukasongwa, magimbi yakaiva, na msiba ukaliwa huku marehemu wote wawili wamekaa kwenye benchi la mbele. Bibi Rozalia aliuliza ni nani aliyelia zaidi kwa ajili yake. Alipogundua kwamba wote walikwenda kwa Lea, alinuna mpaka usiku.

Kesho yake wazee walikaa. Mzee Silvester alitoa uamuzi: tarumbeta isisikike tena Ikambako mpaka alfajiri ya Pasaka. "Ukitaka kujifunza," alisema, "nenda mahali ambako hatuna wajane."

Zilikuwa zimebaki wiki chache. Anyitike aliizungushia tarumbeta blanketi, akateremka mpaka Mbeya, akapakiwa na dereva mmoja wa zamani aliyekuwa anapeleka viazi, na jioni akabisha hodi Iringa mjini, kilimani, kwenye nyumba ya mtu yuleyule aliyekuwa anaitaka tarumbeta.

"Kamwene," alisalimia Crispin, mtu mnene mwenye vidole vyembamba. Alikuwa na kikombe cha pombe ya ulanzi mkononi. Aliuona mzigo, uso ukang'aa. "Umeniletea? Mbona Pasaka bado, kaka."

"Sikukuletea. Nimekuja unifundishe."

"Nikufundishe ili uninyime?"

"Ndivyo."

Crispin aliweka kikombe chini polepole. Alimtazama mgeni, akaitazama tarumbeta, akamtazama mgeni tena. "Nyie watu wa Mbeya mna macho makavu," alisema. "Hebu piga nisikie."

Anyitike akapiga. Kuku wa jirani walikimbilia bandani. Crispin alifumba macho kama mtu anayeng'olewa jino, na huruma ya fundi kwa chombo ikamshinda tamaa. Hakuweza kuiacha tarumbeta nzuri vile ikilizwa namna ile mbele yake.

Alimfungua mdomo kama ng'ombe wa mnadani, akaligusa kovu. "Unahisi?"

"Sihisi."

"Hapa pamekufa. Ndiyo maana. Wewe unapanga midomo pale pa zamani, na pale pa zamani hapapo. Sogeza tarumbeta upande huu ulio hai."

Ilikuwa kama kuambiwa ale kwa mkono wa kushoto. Yote aliyoyajua yakawa kikwazo. Kila alipojisahau midomo ilirudi kwenye kovu. Crispin alimnyang'anya tarumbeta yenyewe na kumwachia kile kipande cha kupulizia tu, Anyitike akalia nacho kama nzi kwenye chupa kutwa nzima. Alimpa njiti ya mwanzi aishike kwa midomo bila meno, asiiangushe, huku anatembea sokoni. Wauza nyanya walimwona mtu mzima wa koti la ngozi, midomo imevimba kama maandazi, amebana kijiti, hajibu salamu. Wakasema ni nadhiri.

Siku moja wimbo wa Pasaka ulianza kutoka, juu kabisa, mwembamba lakini wa kweli. Anyitike alitaka kucheka, midomo ikakataa. Crispin hakucheka.

"Nikwambie kama ninavyowaambia wanafunzi wangu," alisema. "Una beti mbili ndani yako. Ubeti wa tatu midomo itakufa. Wimbo una beti nne."

"Nikiendelea kujifunza?"

"Kwa mwaka, utazifikisha. Kwa Pasaka hii, hapana. Nitakuja na blanketi langu."

Alfajiri ya Pasaka Ikambako nzima ilisimama makaburini, mvua imekatika, nyasi zimeloa hadi magotini. Crispin alikuwa amefika jana yake, amekunja blanketi kwapani. Wajane wawili walisimama mbele, mkono kwa mkono, si kwa upendo bali ili kila mmoja ahakikishe mwenzake yupo.

Mzee Silvester aliinua mkono. Anyitike alisogeza tarumbeta upande ulio hai, akapuliza.

Ikapanda. Ikapanda juu ya makaburi, juu ya migomba, ikagonga mlima na kurudi. Watu walioficha vicheko kwenye khanga waliviacha humohumo. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaja, tromboni mbili zikavuma kwa chini, na Crispin mwenyewe alisahau akaanza kuhesabu mapigo kwa mguu. Anyitike alijiambia: Crispin amekosea, ninazo zote nne.

Kwenye ubeti wa tatu midomo ilikufa. Haikuchoka kwanza, wala haikutoa onyo. Ilizima kama taa. Ulitoka upepo tu. Tromboni zikaenda hatua chache zenyewe, zikajikuta hazina wa mbele, zikasimama. Kimya kilichoanguka pale, wafu wenyewe wangeona aibu. Anyitike alionja damu. Aliona Crispin akilikunjua blanketi, taratibu, bila furaha.

Akapuliza tena kwa hofu tu. Midomo, bila kumwuliza, ikaenda ilikojua njia. Wimbo wa wajane ukatoka, mzito, safi, tangu mwanzo.

Watu waligeuka wote kwa pamoja kuwatazama mabibi wawili. Mtu mmoja alinyoosha kidole akamgusa Bibi Lea begani, kuhakikisha. Anyitike alisikia anachokipiga, lakini hakuweza kuacha. Angeacha, kingerudi kile kimya. Akaufikisha mwisho. Akashusha tarumbeta, akangoja ardhi immeze mahali ambapo ilikuwa imeshazoea kufanya hivyo.

Mzee Silvester alikohoa. "Anyitike hakumaliza," alisema, na ilionekana anaumia kulisema. "Maneno ni maneno."

Anyitike mwenyewe aliikabidhi. Crispin aliipokea, akaanza kuizungushia blanketi.

"Baba wa Iringa," alisema Bibi Lea, "subiri kidogo. Wimbo ule nimeusikia mara mbili nikiwa mzima. Siku nitakapokufa, nani atanipigia?"

"Kengele ipo, mama," alisema Mzee Silvester.

"Kengele inawaita watoto shule. Mimi si mtoto wa shule."

"Hata mimi," alidakia Bibi Rozalia. "Na mara ya kwanza watu wote walikwenda kwa huyu. Mimi sijaliliwa bado. Nina haki yangu."

Mzee Silvester alitazama wazee wenzake. Mabibi walikuwa wamesema kweli: wimbo wa mwisho Ikambako ni haki ya mtu, hanyang'anywi, na wote walikuwa wametoka kuusikia ukipigwa bila kosa. Wakanong'onezana kati ya makaburi. Kisha mzee akatamka: tarumbeta itakwenda Iringa, hilo halibadiliki. Lakini itakwenda siku ya pili baada ya kuzikwa mjane wa mwisho kati ya hawa wawili.

Crispin alibaki na blanketi mkononi, mdomo wazi. Aliwatazama mabibi kuanzia nyayo hadi kichwani, kama mtu anayepima mti. Walikuwa wakavu, wamenyooka, miguu imejaa udongo wa shamba.

"Bibi," alimwuliza Bibi Lea kwa adabu, "kuna mahali panakuuma?"

"Hapana, baba. Ndaga kwa kuniuliza."

"Na wewe, bibi?"

"Palikuwa na goti," alisema Bibi Rozalia. "Limepona asubuhi hii."

Crispin alilifungua blanketi. Aliirudisha tarumbeta mikononi mwa Anyitike, ambaye hakuweza kuifunga mikono vizuri kwa mshtuko, ikabidi Crispin amkunjie vidole kimoja kimoja.

"Beti mbili zilizobaki, jifunze," alimwambia. "Naona muda unao."

Watu walianza kutawanyika kwenda kunywa chai. Mbele yao wajane wawili walitembea kwenye nyasi zilizoloa, bado mkono kwa mkono.

"Umesikia, Rozalia? Tumekatazwa kufa."

"Wewe ndiye umekatazwa. Mimi sikuwa na mpango huo."